Altrasaundi bila kurudishwa nyumbani: mwongozo kamili wa kujiandaa, kupimwa na kupokea majibu

"Bibi, umekula nini leo?"

"Sijala kitu, mwanangu. Chai tu."

Mazungumzo haya nayasikia karibu kila asubuhi kwenye chumba cha altrasaundi, na kila mara yananiuma kwa sababu najua kinachofuata. Hiyo "chai tu" ni kikombe cha chai ya maziwa na chapati mbili za stendi, baada ya safari iliyoanza alfajiri. Kipimo chake ni cha tumbo la juu. Mfuko wa nyongo umeshajikunja, utumbo umejaa gesi, na bibi aliyelipa nauli ya kuja na kurudi ataambiwa aje kesho.

Wengine hufunga kweli kweli, hata maji hawagusi, kumbe kipimo chao kilitaka kibofu kilichojaa. Wengine hujaza kibofu vizuri kabisa, wakapitia maabara kwanza, wakaombwa mkojo, wakaumwaga wote. Karibu wote hao hawana kosa. Walipewa fomu, hawakupewa maelezo. Maelezo yenyewe ndiyo haya. Kama hospitali yako imekupa maelekezo yanayotofautiana na haya, fuata ya hospitali.

## Kama ni dharura, usijiandae

Niliweke hili mwanzo kabisa. Kuna watu wasiopaswa kushinda njaa wala kunywa maji wakisubiri kesho:

- Mwanamke mwenye mimba changa, au aliyepitiliza siku zake, anayepata maumivu makali ya tumbo la chini, kutokwa damu, kizunguzungu au kuzimia. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi.
- Mvulana au mwanamume aliyeshikwa ghafla na maumivu makali ya korodani. Korodani ikijisokota huhesabiwa kwa saa, si kwa siku.
- Mtu mwenye maumivu makali ya tumbo pamoja na homa, macho ya njano au kutapika kusikokoma.
- Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au kulala kitandani muda mrefu.

Hawa waende hospitali sasa hivi. Atakayewapima atapata anachoweza kukiona katika hali waliyo nayo.

## Vitu vya kuandaa

- Fomu ya kipimo kutoka kwa daktari. Bila fomu, anayepima hajui anatafuta nini.
- Ripoti na picha za zamani, hata kama ni za miaka mitatu iliyopita. Uvimbe wa sentimita 4 haumwambii daktari mengi. Uvimbe uliokuwa sentimita 4 mwaka jana na bado ni 4 unamwambia mengi sana.
- Kadi ya bima au fedha taslimu. Kwa Tanzania walio NHIF, na Kenya walio SHA iliyochukua nafasi ya NHIF ya huko Oktoba 2024, waulize mapema kama kipimo hicho kinalipiwa kituo hicho, na kama kinahitaji kibali kwanza.
- Tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, kwa wanawake wote wanaopata hedhi. Iandike kwenye karatasi, usitegemee kichwa.
- Orodha ya dawa unazotumia na upasuaji uliowahi kufanyiwa. Kama mfuko wa nyongo au kizazi kilishaondolewa, sema, usimwache mtu akitafute robo saa nzima.
- Nguo za vipande viwili, yaani blauzi na sketi, au shati na suruali. Gauni refu litakulazimu kulipandisha lote.
- Kanga au kitenge cha kujifunika, na kitambaa cha kujifutia jeli.
- Maji safi, chupa mbili za nusu lita.
- Kitu cha kula baada ya kipimo, hasa kama una kisukari, ni mzee au umekuja na mtoto.

## Hatua ya 1: Jua ni sehemu gani inayopimwa

Watu husema "nimeandikiwa picha ya tumbo", basi. Lakini tumbo lina juu na chini, na maandalizi yake ni tofauti kama mchana na usiku. Fomu nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha kidaktari na mwandiko wa haraka. Usione haya. Kabla hujatoka kwa daktari muulize: "Ni tumbo la juu, la chini, au lote? Nije na njaa? Nije nimebana mkojo?"

Kwa kawaida mambo huwa hivi:

- Tumbo la juu (ini, mfuko wa nyongo, kongosho, bandama, figo): masaa 6 hadi 8 bila chakula.
- Tumbo la chini (kizazi, ovari, kibofu, tezi dume): kibofu kilichojaa. Kula unaruhusiwa.
- Tumbo lote: njaa pamoja na kibofu kilichojaa.
- Figo na njia ya mkojo peke yake: kibofu kilichojaa.
- Mimba changa, chini ya wiki 14, kwa kupimwa juu ya tumbo: kibofu kilichojaa kiasi. Mimba kubwa haihitaji kubana mkojo.
- Shingo, titi, korodani, misuli, mishipa ya miguu, moyo: kula, kunywa, nenda chooni. Hakuna maandalizi.

Ukiweza kumwambia mtu wa nyumbani kwa sentensi moja ni wapi unapimwa na uende vipi, umemaliza hatua hii. Kama huwezi, rudi ukaulize au wapigie simu.

## Hatua ya 2: Kufunga chakula (kwa tumbo la juu na tumbo lote)

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Mawimbi hayo hupita vizuri kwenye nyama laini na majimaji, lakini hewa huyazuia kabisa. Tumbo lililojaa chakula na gesi ni ukuta. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na gesi ikijaa pale hatulioni.

Sababu ya pili ni mfuko wa nyongo. Ukiwa na njaa huwa umejaa, umetanuka, na ukuta wake ni mwembamba. Ukila, hasa mafuta na maziwa, hujikamua nyongo yake ili kusaidia kusaga chakula. Mfuko uliojikamua huonekana umesinyaa, ukuta wake umekuwa mnene kana kwamba unaumwa, na vijiwe vidogo vilivyomo huweza kupotea machoni. Ndiyo maana chai ya maziwa si "chai tu".

Tuseme miadi yako ni saa 3 asubuhi:

1. Jana yake jioni kula mapema, saa 1 au saa 2 usiku, chakula chepesi. Wali au ugali na mchuzi usio na mafuta mengi unatosha. Maharage, kabichi, chipsi, nyama ya mafuta na soda viache siku hiyo, kwa ajili ya gesi.
2. Kuanzia saa 7 usiku usile kitu chochote. Maziwa, uji, juisi na soda vihesabu kuwa ni chakula.
3. Asubuhi usitafune ubani wala pipi, na usivute sigara. Vyote vinakumezesha hewa.
4. Dawa zako za kila siku, kama za presha, meza kwa mafunda machache ya maji, isipokuwa daktari amekwambia vinginevyo.

Maji matupu hayaharibu kipimo hiki. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanasikia "njoo na njaa" wanafunga kama swaumu. Kufunga chakula si kufunga maji. Na kama umeandikiwa tumbo lote, maji ni lazima.

Wenye kisukari. Omba upimwe wa kwanza asubuhi, na mweleze daktari aliyekuandikia kwamba unatumia vidonge au insulini, akupe utaratibu wa dozi ya siku hiyo. Usijichome insulini ya kawaida kisha ukakaa na njaa kwenye foleni. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuona giza, kula sukari hapo hapo. Kipimo kitafanywa siku nyingine.

Watoto. Mtoto mchanga hafungishwi masaa 8. Mara nyingi inatosha kuruka nyonyo moja, yaani masaa 3 hadi 4, kisha anapimwa na kunyonyeshwa mara tu baada ya hapo. Kwa mtoto mkubwa kidogo uliza kituo chako, na usizidishe muda waliokupa.

Mwezi wa Ramadhani. Kwa tumbo la juu huu ni mwezi mwepesi: ukila daku saa 10 alfajiri, saa 6 mchana umetimiza masaa 8. Tumbo la chini ndilo gumu, kwa sababu ya maji. Kama daktari anasema kipimo kinaweza kusubiri, kipangie siku ambazo hufungi, au uliza kama wanapima jioni baada ya futari. Kama hakiwezi kusubiri, mgonjwa ana ruhusa yake na siku hulipwa.

Ukifanya sawa, utafika na njaa ya kawaida, tumbo jepesi, hucheui wala hujajaa upepo.

## Hatua ya 3: Kujaza kibofu (kwa tumbo la chini na tumbo lote)

Hatua hii inarudisha watu wengi kuliko zote, na ni kwa kutoielewa, wala si kwa uzembe.

Kizazi na ovari vimelala nyuma ya kibofu, vikizungukwa na utumbo wenye gesi. Kibofu kikijaa hufanya kazi mbili: kinausukuma utumbo pembeni, na maji yaliyomo yanakuwa dirisha ambalo mawimbi hupita bila kizuizi. Kibofu kikiwa kitupu, ninachokiona ni gesi tu. Naweza kukupima, lakini ripoti nitakayoandika haitakusaidia.

Tena kwa miadi ya saa 3 asubuhi:

1. Saa 1 asubuhi nenda haja ndogo kama kawaida.
2. Anza kunywa maji, kidogo kidogo. Lita 1, yaani chupa mbili za nusu lita, ukamilishe kufikia saa 2.
3. Kuanzia hapo usikojoe mpaka upimwe. Figo zinahitaji kama saa nzima kuyageuza maji yale kuwa mkojo. Maji uliyoyanywa mlangoni bado yako tumboni, hayajafika kwenye kibofu.

Kunywa maji matupu. Soda inaleta gesi, na kwa aliyefunga chakula kwa ajili ya tumbo lote, soda na juisi zinaharibu upande wa pili.

Usizidishe. Nimeona dada aliyemaliza lita 3 kwa nusu saa, akafika anatapika. Kibofu kilichojaa kupita kiasi nacho kinasumbua: kinakibana kizazi, kinauma, na mtu hawezi kutulia. Kinachotakiwa ni ile hali ya kusema, "Ningepata choo ningefurahi, lakini nusu saa naweza kuvumilia." Ukihisi umepita hapo, mwambie muuguzi. Anaweza kukuruhusu upunguze kidogo, kikombe kimoja, kisha ukaze.

Tahadhari kubwa. Mgonjwa wa moyo au wa figo aliyepangiwa kiwango cha maji kwa siku asinywe lita hii bila kumuuliza daktari wake. Na baba au babu mwenye shida ya kutoa mkojo kwa sababu ya tezi dume asijilazimishe kunywa maji mengi kwa haraka, kwani mkojo unaweza kuziba kabisa. Yeye anywe kiasi, afike mapema, na aseme shida yake mapokezini.

Kwa wanaopimwa tezi dume: utapimwa ukiwa umejaa, utatumwa chooni ukojoe mpaka uridhike, kisha utarudi upimwe tena. Usiondoke baada ya kutoka chooni ukidhani mambo yameisha. Kiasi cha mkojo kinachobaki ndani baada ya kukojoa ndicho kinachomwonyesha daktari jinsi tezi inavyobana njia.

## Hatua ya 4: Ukifika hospitali, panga foleni zako

Mara nyingi daktari huandika vipimo vitatu kwa pamoja: damu, mkojo na altrasaundi. Dirisha la maabara huwa karibu na mlango, basi mtu anaanzia hapo. Anapewa kikopo. Mkojo aliouhifadhi kwa saa mbili unaishia humo na chooni.

Fuata mpangilio huu: lipia, au pitisha bima. Nenda chumba cha altrasaundi uandikishe jina. Ukiwa unasubiri, katoe damu, hiyo haina tatizo. Pimwa altrasaundi. Kisha ndipo upeleke mkojo maabara. Kama kikopo hakiwezi kusubiri, jaza kikopo chenyewe tu, usimalize kibofu.

Mpokezi mwambie mambo mawili bila kungoja kuulizwa: "Nimebana mkojo" na "nina njaa tangu saa fulani." Mwenye kisukari, mama mjamzito, mzee na mtoto aseme hali yake. Foleni nyingi zina huruma, ila zinahitaji kuambiwa.

Foleni ikichelewa ukashindwa kabisa kuvumilia, nenda chooni, usijiumize. Rudi, kunywa tena maji, utapimwa baada ya saa moja. Hujapoteza siku.

## Hatua ya 5: Ndani ya chumba

Chumba huwa na giza kidogo ili kioo cha mashine kionekane vizuri, na mara nyingi ni cha baridi. Utaulizwa jina, umri na unasumbuliwa na nini. Hakikisha jina wanalolitaja ni lako, kwa maana kina Fatuma Juma kwenye foleni moja wanaweza kuwa watatu.

Utalala chali, utafungua nguo sehemu inayopimwa tu, na kanga yako itafunika kwingine. Utapakwa jeli. Ni ya baridi, inateleza, haina madhara na inatoka kwa kufuta au kuosha. Kazi yake ni kuondoa hewa kati ya ngozi na kifaa cha kupimia. Kisha kifaa hicho, kinachotoshea mkononi, kitapitishwa juu ya ngozi kikibonyezwa kiasi.

Hakuna sindano wala mionzi. Najua mlangoni pameandikwa "Idara ya Mionzi" na wengi hufika na hofu hiyo. Eksirei na sitiskani ziko idara hiyo hiyo, zenyewe hutumia mionzi. Altrasaundi haitumii.

Utaambiwa: "Vuta pumzi ndani, shika." Ukivuta pumzi kwa tumbo, ini na mfuko wa nyongo hushuka chini ya mbavu na kuonekana. Vuta kama unayetaka kuzama majini, shika mpaka uambiwe "pumua". Utaambiwa pia ugeuke ubavu wa kushoto. Hapo gesi husogea, na kama kuna kijiwe kwenye mfuko wa nyongo hubiringika. Kitu kinachobiringika na kutupa kivuli nyuma yake ni jiwe. Kisichosogea huenda ni kitu kingine. Ndiyo maana kugeuzwa mara tatu ni sehemu ya uchunguzi.

Jambo moja nalisisitiza sana. Sisi tumelelewa kuvumilia. Mama anabonyezwa pale panapouma, anauma meno, ananyamaza. Tafadhali usinyamaze. Sema "hapo, hapo panauma." Maumivu yakitokea juu kabisa ya mfuko wa nyongo wakati kifaa kinabonyeza, hiyo ni taarifa inayobadilisha ripoti.

Na mpimaji akinyamaza, usijisomee kifo kwenye uso wake. Anapima urefu, anahesabu, anapiga picha. Kwa kawaida huchukua dakika 15 hadi 30. Kipimo cha moyo kinaweza kwenda mpaka saa nzima.

## Hatua ya 6: Kipimo cha njia ya uke

Hatua hii inahusu wanawake, na nakaa hapa kidogo kwa sababu wengi hushtushwa nayo wakiwa tayari kitandani.

Wakati mwingine kupima juu ya tumbo hakutoshi: mimba ni changa mno, ovari zimejificha, au daktari anataka kuona ndani ya kizazi kwa karibu. Hapo hutumika kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni. Huvalishwa kondomu mpya na kupakwa jeli. Kinaingia sentimita chache tu, hakifiki ndani ya kizazi. Kinaleta hali ya kubanwa, hakipaswi kuleta maumivu makali.

Kwa kipimo hiki kibofu kinatakiwa kitupu. Ndiyo maana utapimwa juu ya tumbo kwanza, utumwe chooni, kisha urudi.

Haki zako hapa:

- Uelezwe kabla, na uulizwe kama unakubali. Unaweza kukataa, na kukataa hakukunyimi kipimo cha juu ya tumbo.
- Unaweza kuomba mwanamke mwingine awemo chumbani, muuguzi au ndugu yako, hasa kama anayepima ni mwanamume. Omba bila kuona aibu.
- Kama hujawahi kukutana na mwanamume, sema. Kipimo hiki hakitafanyika, itatafutwa njia nyingine.
- Kama mpira wa kondomu au glavu hukuletea mwasho, sema kabla.
- Unaweza kusema "acha" wakati wowote, na kiachwe.

Hedhi si kizuizi. Mwambie tu anayekupima.

## Hatua ya 7: Mama mjamzito

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma za wajawazito, lilipendekeza altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Wengi wetu tunaenda mwezi wa nane "kuangalia mtoto amekaaje", na hapo faida kubwa kuliko zote imeshapita: kujua umri wa mimba.

Kabla ya wiki 14, mtoto hupimwa urefu kutoka kichwani hadi matakoni, na makosa ya tarehe hayazidi kama wiki moja. Mimba ikifika miezi ya mwisho, watoto wameanza kutofautiana, huyu mkubwa yule mdogo, na tarehe inaweza kukosea kwa wiki tatu au zaidi.

Hii ndiyo sababu ya malalamiko ninayoyasikia sana: "Altrasaundi ya kwanza ilisema Machi, ya pili inasema Aprili, ipi ya kweli?" Shika ya kwanza, kama ilifanyika mapema. Ya pili inamwonyesha daktari kama mtoto anakua ipasavyo, haikuja kubadilisha tarehe. Mpe mkunga wako ripoti zote mbili, ya kwanza ikiwa juu.

Kati ya wiki 18 na 22 ndicho kipindi kizuri cha kuangalia viungo vya mtoto kimoja kimoja, na mahali kondo la nyuma lilipokaa. Mwishoni tunaangalia mtoto ametanguliza nini, maji yanayomzunguka, na ukuaji.

Jinsia mara nyingi huonekana kuanzia wiki hizo za 18 hadi 20, kama mtoto hajabana miguu. Makosa hutokea. Usinunue nguo zote za rangi moja.

Katika miezi ya mwisho, ukilala chali muda mrefu unaweza kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, kwa sababu kizazi kinakandamiza mshipa mkubwa wa damu. Sema mara moja, ugeuzwe ubavu.

Na kama mimba ya wiki 5 haijaonyesha mapigo ya moyo, usikate tamaa wala usikubali kusafishwa kizazi kwa picha hiyo moja. Mapigo huanza kuonekana karibu wiki ya 6, na hesabu ya siku inaweza kuwa imekosea. Mara nyingi jibu sahihi ni kurudia baada ya wiki moja au mbili. Maumivu makali au damu yakija katikati, rudi siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 8: Majibu

Sehemu nyingi ripoti hutoka siku hiyo hiyo. Anayepima anaweza asikuambie kitu pale kitandani, kwa kuwa ripoti huenda inasainiwa na daktari bingwa wa radiolojia, na tafsiri kamili ni ya daktari aliyekuandikia kipimo, mwenye majibu yako ya damu na historia yako.

Kwenye picha, cheusi ni majimaji: mkojo, nyongo, maji ya uzazi. Cheupe sana ni mfupa, jiwe au gesi. Kijivu ni nyama. Ukiona doa jeusi kwenye figo usianze kulia, mara nyingi ni kifuko cha maji kisicho na madhara. Na figo ya mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 9 hadi 12, basi ukikuta "10" kwenye ripoti, hiyo ni figo yenyewe, si uvimbe.

Sasa yale ambayo altrasaundi haiyaoni, ambayo watu huyalipia kila siku:

- Vidonda vya tumbo. Tumbo la chakula lina hewa. Vidonda huonekana kwa kamera inayopitishwa mdomoni, na vijidudu vyake hupimwa kwa njia nyingine, kama choo au pumzi. Ukiandikiwa altrasaundi kwa maumivu ya chembe ya moyo, daktari anatafuta mawe ya nyongo au shida ya kongosho na ini.
- Mirija iliyoziba. Mrija wa kawaida hauonekani kwa altrasaundi ya kawaida. Mwanamke anayetafuta mtoto anaweza kupata ripoti safi kabisa na mirija yote miwili imeziba. Kuna kipimo maalumu cha mirija, kinachotumia dawa inayoingizwa kwenye kizazi. Kiulizie.
- Taifodi, malaria, maambukizi ya mkojo. Hayo ni ya maabara.
- Kidole tumbo, hakionekani kila mara. Wakati mwingine kinaonekana, wakati mwingine kimejificha. Ripoti isiyokiona haimaanishi huna tatizo.

Kwa hiyo ripoti ikisema kila kitu ni kawaida na wewe bado unaumwa, usirudie altrasaundi hospitali ya pili na ya tatu. Rudi kwa daktari umuulize: "Kipimo hiki kimeondoa nini, na kipi kinafuata?"

Kabla ya kutoka hakikisha ripoti ina jina lako sahihi, umri, tarehe, na saini. Picha zake huchapwa kwenye karatasi inayobadilika rangi kwa joto. Usiziache kwenye dashibodi ya gari wala dirishani, na usizipeleke kutiwa plastiki kwa mashine ya moto, zitageuka nyeusi zote. Zipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, kisha ziweke ndani ya bahasha, mahali pakavu, pamoja na kadi yako ya kliniki.